Maji ya Kitanda cha Tisa

Wodi ya kifua ina milango miwili, na kwa miaka thelathini na moja yule mama aliipita yote miwili kichwa juu. Alikuwa mhudumu. Kazi yake ilikuwa kupiga deki, kumwaga mabeseni, kubadili mashuka, kuwashika mabega wagonjwa wasioweza kukaa peke yao, na kupeleka chupa maabara. Kwenye orodha ya wafanyakazi jina lake lilikuwa la mwisho kabisa, lakini ungemwona anavyotembea ungedhani wodi ile ni urithi wa baba yake. Wauguzi walimwita Mama Dirisha, na jina hilo hakupewa bure.

Kati ya wodi na maabara pana ujia mrefu, na katikati ya ujia, pembeni ya bomba la chumba cha kufulia, pana dirisha kubwa lisilo na pazia. Kila alipobeba chupa ya maji yaliyovutwa kifuani mwa mgonjwa alisimama hapo, akainyanyua kwenye mwanga, akafumba jicho moja na kuichungulia kama mtu anayekagua yai. Kisha akaendelea na safari. Akirudi anamnong'oneza muuguzi kwamba yule wa kitanda cha sita ni moyo huo, na mara nyingi ikawa moyo kweli. Sifa ikaenea. Hata wagonjwa wakawa wanamuuliza.

Maji yenyewe ni hivi. Mtu analetwa anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, kumbe ametoka kitandani kwenda mlangoni tu. Daktari anamgonga mgongoni kwa vidole. Penye hewa panalia kama dumu tupu, penye maji panalia du, kama dumu lililojaa. Maji hayo hayamo ndani ya pafu. Yamejikusanya nje yake, kati ya pafu na mbavu, yakalibana lisitanuke. Basi mgonjwa anakalishwa ukingoni mwa kitanda, anaegemea mto juu ya meza, anachomwa sindano kati ya mbavu mbili na maji yanavutwa. Mengine hutoka kama chai ya rangi isiyokolea, mengine yana ukungu, mengine wekundu, na mengine, Mungu apishe mbali, ni usaha mtupu unaonuka mpaka nje.

Aliyempa Mama Dirisha elimu hiyo ni daktari mzee aliyestaafu zamani. Walikuwa wamesimama kibarazani wakingoja mvua ipungue, na mzee yule alipenda kusema. Akamwambia maji ya kifua yako ya namna mbili kubwa. Kuna yanayovuja tu kwa sababu mwili umelemewa, moyo umechoka kusukuma, au figo, au ini, na pafu lenyewe halina kosa lolote. Hayo ni mepesi. Na kuna yanayotoka kwa sababu utando wa pafu wenyewe umeumia, kwa kifua kikuu, kwa nimonia, kwa saratani. Hayo ni mazito, yamejaa protini. Ukiyachanganya umemtibu mtu ugonjwa wa jirani yake. Mama alisikia mpaka hapo. Mzee aliendelea, akasema macho peke yake hayatoshi, ndiyo maana maji yanapimwa na kulinganishwa na damu ya mgonjwa mwenyewe. Lakini mvua ilishapungua na mama alishashika ndoo yake. Alichukua nusu ya maneno akaenda zake, na nusu ile aliyoiacha kibarazani ndiyo iliyokuja kumvua nguo.

Kuna jambo jingine, na halina haja ya kufunikwa. Mama Dirisha hakujua kusoma. Tarakimu alizijua zote, jina lake aliliandika kwa kulichora kama mtu anayechora nyumba, basi. Aliwahi kwenda darasa la watu wazima mwezi mmoja. Mwalimu akacheka siku alipoishika kalamu kama mwiko, na hakurudi tena. Toka hapo karatasi ikija mbele yake anapapasa mfuko na kusema miwani ameisahau nyumbani. Miaka thelathini na moja miwani imesahauliwa nyumbani, na hakuna aliyewahi kuiona.

Sasa ilikuwa Jumanne. Asubuhi ile muuguzi mgeni alitandika mashuka ya kitanda cha tano kwenye cha saba, na Mama Dirisha akampasha mbele ya daktari na wagonjwa wote. Akamwambia yeye miaka thelathini na moja hajachanganya hata kijiko. Daktari, binti mwembamba aliyekuwa na miezi minane tu pale, alicheka akasema basi mama ahamie maabara akawafundishe kazi. Mama alipokea sifa hiyo kama haki yake. Muuguzi mgeni alikwenda kulia kwenye stoo ya dripu.

Siku hiyo walivutwa maji watu wawili. Kitanda cha nne, upande wa wanaume, alilala dereva wa lori mwenye miguu iliyovimba hadi viatu kumkataa, ambaye hakuweza kulala ila kwa kukaa, mito mitatu mgongoni. Kitanda cha tisa, ng'ambo ya ukuta mfupi, alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto wawili, amekonda mpaka pete ameifunga uzi isidondoke. Huyo alikuwa na homa za jioni, kikohozi kikavu na kichomi cha ubavuni. Wote wawili pumzi fupi. Wakati daktari anawachoma, Mama Dirisha alikuwa chumba cha mabeseni na hakuona lolote. Alichokabidhiwa ni chupa mbili kwenye sinia, kila moja na kipande cha plasta kilichoandikwa namba na jina, na neno la daktari kwamba azipeleke moja kwa moja.

Angezipeleka moja kwa moja tusingekuwa na la kusimulia. Lakini chupa zilikuwa zimechuruzika kwa nje, na yeye hakuwahi kupeleka kitu kichafu mahali popote. Alipofika bombani akazisuuza, zote mbili kwa pamoja, vizuri, kama anavyosuuza vikombe. Plasta na maji havijawahi kupatana. Alipofunga bomba chupa ziling'aa, na plasta zote mbili zilikuwa kiganjani mwake.

Alizisoma. Nne. Tisa. Hizo alizijua. Lakini plasta ikishabanduka haisemi ilitoka kwenye chupa ipi.

Toka pale bombani hadi mlango wa wodi ni hatua arobaini. Alizijua kwa sababu amezipiga deki. Hatua arobaini arudi, amwambie daktari kwamba plasta zimebanduka, ipi ni ya nani. Daktari angemwambia. Lakini mbele ya mlango ule alikuwa amekaa muuguzi mgeni, macho bado mekundu, anakunja mashuka. Mama Dirisha alimwona kwa mbali, na miguu ikagoma.

Basi akafanya alilozoea. Akazinyanyua chupa dirishani. Moja ilikuwa safi, ya manjano nyepesi, mwanga unapita mpaka ng'ambo. Nyingine ilikuwa na wekundu kidogo na ukungu. Hakufikiri hata kwa muda wa kupiga chafya. Safi ni maji mepesi, maji mepesi ni moyo, moyo ni miguu iliyovimba, huyo ni dereva. Yenye wekundu ni mazito, ni kidonda cha pafu, ni homa na kukonda, huyo ni fundi. Akazikausha kwa aproni, akabandika nne kwenye safi na tisa kwenye nyekundu, akazungushia plasta mpya juu ili zishike, akazifikisha. Mtu wa maabara akamsifu kwamba chupa zake siku zote ni safi. Akamjibu ndivyo alivyolelewa.

Majibu yalirudi Jumatano mchana. Mama alikuwa anafuta kabati la kitanda cha tano. Daktari alisimama na karatasi mbili, anaiangalia hii, anaiangalia ile, anajikuna shingo. Akamwambia Sista, muuguzi mkuu wa wodi, kwamba ameshangaa. Maji ya kitanda cha nne, yale safi, protini imejaa na chembe zake zinaelekea kifua kikuu. Ya kitanda cha tisa, yenye wekundu, ni mepesi kabisa. Makohozi ya fundi nayo yametoka hayana kitu. Sista akasema ya Mungu mengi. Daktari mkubwa alikuwa safarini, hakuna wa kuulizwa, na binti yule akafanya kama alivyofundishwa. Hisia yako ikisema hivi na kipimo kikisema vile, fuata kipimo. Dereva akaandikiwa vidonge vya kifua kikuu juu ya dawa zake za moyo. Fundi akaandikiwa dawa ya kukojoza maji, na Jumatatu aende nyumbani, ataendelea kliniki ya moyo.

Kitambaa kilimkauka Mama Dirisha mkononi. Safi ndiyo iliyokuwa nzito. Kwa maana hiyo jicho lake lilikuwa halijui kitu, na kama halijui kitu basi zile plasta alizibandika kipofu. Alilijua hilo pale pale, kama unavyojua umekosea ngazi kabla mguu haujafika chini. Akaendelea kufuta kabati ambalo lilishakuwa safi.

Ajitetee vipi? Alijitetea. Alijiambia huenda kweli dereva ana yote mawili, watu wanaumwa magonjwa matatu kwa pamoja. Akajiambia madaktari wamesoma, wangeona kama kuna kasoro. Akajiambia atasema kesho. Alhamisi ikaja, akasema kesho.

Dereva alikuwa mtu wa mzaha. Vidonge vile vinageuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na Ijumaa akamwambia Mama Dirisha wakati anamchukulia chombo kwamba sasa akisimama kando ya barabara kujisaidia watamkamata kwa kumwaga mafuta ya lori. Wodi ikacheka. Mchana akaja mke wake, na huyo hakucheka. Alikuwa ameambiwa mume ana kifua kikuu. Alitoa kwenye kikapu kikombe cha plastiki, shikio limefungwa kitambaa cha bluu, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini kwamba hicho ndicho chake toka leo, hata nyumbani, na watoto hawatakuja tena kumwona mpaka hapo itakapokuwa. Dereva alikipokea akakigeuzageuza. Kuanzia hapo hakutoa mzaha mwingine, na usiku ule alitapika vidonge.

Mama Dirisha alikiosha kikombe kile kila siku. Kila siku kitambaa cha bluu kililowa mikononi mwake, na kila siku akakirudisha mahali pake.

Na fundi? Fundi alikuwa anakojoa. Ndiyo dawa aliyopewa. Midomo ilimkauka ikachanika, na homa ilikuja jioni kama mpangaji anayerudi kutoka kazini. Alikuwa akisimama, ukuta unamzunguka. Lakini alimeza kila kitu kwa utii na kuwaambia wenzake kwamba nafuu ni moyo kuliko ile nyingine, maana ana watoto wawili na wanalala chumba kimoja, kitanda kimoja. Maneno hayo Mama Dirisha aliyasikia akiwa ameinama na fagio chini ya kitanda cha kumi. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

Nyumbani aliishi na mkwe wake, mjane wa mwanawe, karani wa shule. Vyumba viwili na kijikoni. Mkwe huyo ndiye aliyewahi kumwambia, kwa adabu zote, kwamba angeweza kumfundisha kusoma jioni, na mama akamjibu mkwe hamfundishi mkwe, maneno yakaisha. Jumapili alasiri walikaa kwenye kizingiti cha nyuma wakichambua mboga. Mkwe akasema, bila kunyanyua macho, kwamba toka Jumatano mama anakula kama mtu anayeonja chumvi.

Mama akasema ni joto. Halafu, baada ya kuchambua majani mengi yasiyohitaji kuchambuliwa, akamuuliza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine: mtu akiharibu kazi, na hakuna aliyeona, na kila kitu kinaendelea, atafanyaje?

Mkwe alifikiri. "Kama hakuna aliyeona, mama, mbona inamnyima chakula?"

Mama akamwambia achambue mboga.

Jumatatu asubuhi fundi alikuwa amevaa nguo zake za nyumbani, amekaa kitandani na kifurushi mapajani, anahema kwa kukifunga tu. Daktari na Sista walikuwa wanazunguka, wameshafika kitanda cha saba. Mama Dirisha alipita na ndoo. Fundi akamshika upindo wa aproni.

"Mama, wewe wanasema unayaona mambo kwenye chupa," akamwambia. "Yangu uliyaona. Niambie mimi tu. Huu moyo wangu utanifikisha watoto wakue?"

Mtu akikutukana unajua la kujibu. Mama Dirisha alitazama ule mkono kwenye aproni yake, na pete iliyofungwa uzi, na aproni ile ile aliyokaushia chupa. Akaweka ndoo chini katikati ya njia, mahali ambapo kwa miaka thelathini na moja alimfokea kila aliyeweka ndoo. Akaenda kitanda cha saba.

Hakumvuta daktari pembeni, ingawa angeweza. Alijua akimvuta pembeni atapunguza maneno.

"Daktari, chupa za Jumanne nilizichanganya mimi," akasema. "Nilizisuuza bombani, plasta zikatoka zote mbili. Nikazibandika kwa kukisia."

Daktari alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha ngeni. Akauliza alikisia kwa kutumia nini. Mama akajibu, kwa macho. Safi nilimpa wa miguu, nyekundu nikampa wa homa. Daktari akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua hakupandisha sauti, na ingekuwa heri angepandisha.

"Mama. Kutoka bombani mpaka hapa ni hatua ngapi?"

"Arobaini," akasema.

Nyuma ya Sista alisimama muuguzi mgeni na trei ya dawa, na Mama Dirisha alimngoja acheke. Hakucheka. Aliinamisha kichwa kama yeye ndiye aliyekosa, na hilo lilimuuma mama kuliko kicheko.

Vidonge vipya vya wote wawili vikasimamishwa palepale. Fundi akarudishwa kitandani, akavuliwa nguo za nyumbani, akakalishwa tena ukingoni, mto juu ya meza. Akaambiwa atachomwa upya na sababu yake. Alihitajika mtu wa kumshika mabega asicheze, na mshika mabega wa wodi ile alikuwa mmoja. Sista akamtazama Mama Dirisha, mama akasogea. Akayashika yale mabega, mifupa mitupu chini ya viganja vyake, na sindano ilipoingia aliusikia mwili wa mwenzake ukikaza mpaka ndani ya mikono yake mwenyewe. Mara ya pili kwa sababu yake. Yakatoka maji safi, ya manjano nyepesi, mwanga unapita mpaka ng'ambo.

Daktari aliyashika akamwonyesha, si kwa kumkomoa. Akamweleza kwamba maji ya kifua kikuu mara nyingi ndivyo yanavyotoka, safi kabisa, ukiyatazama utasema ya moyo. Uzito wake hauko kwenye rangi, uko kwenye protini, na protini haionekani kwa macho. Na ule wekundu wa dereva haukuwa ugonjwa. Ilikuwa sindano ya daktari mwenyewe, aligusa kamshipa siku ile. "Kwa hiyo na mimi nina sehemu yangu," akasema. "Fundi alikuwa na kila dalili, nikaiachia karatasi inifikirie."

Alimaanisha kumpunguzia. Mama hakupunguziwa. Alimwambia kila mtu abebe chombo chake, na chake yeye anakijua ukubwa.

Safari hii damu ilichukuliwa kwa wakati mmoja na maji, na Sista alizipeleka chupa mwenyewe. Jumanne majibu yakakaa mahali pake. Dereva ni moyo. Fundi ni kifua kikuu, na akaanza vidonge jioni ile ile, akaambiwa pia watoto waletwe wapimwe. Siku tano alikuwa amekojoa nguvu zake, wakamrudishia maji kwa dripu.

Mke wa dereva alipoambiwa akamwomba mumewe msamaha mbele ya watu, akakifungua kile kitambaa cha bluu kwenye kikombe kwa meno maana fundo lilishakaza kwa kuoshwa. Dereva akasema asikitupe, atafutia kioo cha lori. Alipopita Mama Dirisha akamwita, akamwambia mama wewe ni hatari, umenipa ugonjwa na kuniponya kwa wiki moja, waganga wanasoma namba. Watu wakacheka, na mama alitamani dereva amtukane tu.

Fundi hakucheka. Siku tatu alimpa mgongo kila alipopita na fagio. Ya nne, mama alipombadilishia shuka, akasema huku ameangalia ukutani kwamba yeye akikatia watu kumi nguo, kila kipande anakifunga uzi wa mwenyewe kabla hajainua mkasi kwa mwingine, na hicho ni kitambaa tu, mama, ukikiharibu unanunua kingine. Mama akasema ndiyo.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya onyo kutoka utawala, ukurasa mzima. Sista akamwita ofisini, akaisogeza mezani, akampa kalamu. Mkono wa mama ulishaanza kupapasa mfuko wa miwani. Ukasimama njiani.

"Nisomee, Sista. Sijui kusoma."

Sista akakaa. "Na miwani, mama? Miaka yote hii?"

"Sina miwani. Macho yangu ni mazima."

Sista hakucheka, na yafaa alipwe kwa hilo mbinguni. Aliisoma barua neno kwa neno, polepole, na pale palipoandikwa uzembe mama alimwomba arudie, akarudia. Kisha mama akalichora jina lake chini. Jioni ile nyumbani aliweka daftari jipya mezani mbele ya mkwe wake bila kusema kitu. Mkwe alichonga penseli.

Chupa hawakumnyang'anya. Alidhani watamnyang'anya, na labda angefarijika. Anazibeba mpaka leo, moja moja, haisuuzi hata ikichuruzika vipi, na akifika maabara hamkabidhi mtu mpaka mtu huyo aisome plasta kwa sauti. Dirishani hasimami. Wapo wagonjwa wapya waliosikia sifa za zamani wanaomuuliza ameonaje maji yao, na huwajibu yeye ni mbeba chupa.

Fundi aliruhusiwa mwishoni mwa mwezi. Homa ilishakata, shavu limeanza kujaa, ingawa pumzi bado ilikuwa ya kukopa. Mama Dirisha alimchukulia kifurushi bila kuombwa, na fundi akamwachia bila kumshukuru. Wakatembea ujiani, mmoja mbele, mmoja nyuma. Walipofika karibu na bomba fundi alisimama kupumzika, akatoa kadi ya kliniki mfukoni, akaikunjia uso. Mwandiko wa daktari ulikuwa kama kuku amepita na wino.

"Hii wameandika nirudi lini?" akauliza, akamnyooshea kadi kwa mazoea tu. Halafu akakumbuka ni nani aliyekuwa anamnyooshea, mkono ukaanza kurudi.

Mama aliishika. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hii ni kumi na sita," akasema. "Hili neno la mbele ni la siku au la mwezi, sijui. Naweza kukisia." Akamrudishia kadi mkononi. "Turudi ndani tukamuulize Sista."

Fundi alitazama mlango wa wodi, kwa mbali kule, akatazama kifurushi chake mikononi mwa yule mama. Akashika mkono wa mama kwa ajili ya pumzi, si kwa kingine. Wakarudi polepole, hatua arobaini, na kila walipopumzika Mama Dirisha aliangalia sakafu aliyoipiga deki mwenyewe.